Kabla hujalipia shamba la kuwindia

Kaka yangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka huku Wyoming. Sisi sote wazima, na natumaini shemeji na watoto hawajambo. Barua yako nimeipata na nimeirudia kuisoma, maana ulichoniuliza hakijibiwi kwa ndiyo au hapana tu. Unasema wenzako wa kazini wamekualika kwenye kundi lao lililokodi shamba la kuwindia huko Texas, nafasi iliyobaki ni moja, na wanataka jibu kabla mwezi haujaisha. Mimi nasema waombe wakuwekee hadi mwakani, na wakishindwa, iache iende. Msimu wako wa kwanza uwinde kwenye ardhi ya umma.

Kwanza ujue pesa yako inanunua nini. Mtu akishatoa kodi huanza kuona kama kulungu wa pale ni wake. Marekani haiko hivyo. Mnyama wa asili wa porini si mali ya mwenye shamba. Jimbo ndilo linalomtunza kwa niaba ya wananchi wote. Mwenye shamba anakuuzia ruhusa ya kuingia getini kwake, basi. Leseni utakata vilevile, masomo ya usalama wa uwindaji utayapitia vilevile, na tarehe za msimu na idadi ya wanyama unaoruhusiwa hazibadiliki kwa sababu umelipa kodi. Kulungu akiruka seng'enge akaingia kwa jirani, huna ruhusa ya kumfuata huko mpaka jirani akubali.

Hata hivyo ruhusa hiyo ina thamani, wala sitaki kuidharau. Kwenye shamba la kukodi, alfajiri ya siku ya kwanza unajua nani amekaa kwenye dungu lipi na risasi yake inaelekea wapi. Ukitaka kumpeleka mwanao kwa mara ya kwanza, utulivu huo unaweza kuzidi kila kitu kingine. Kisha kuna jambo la umri wa madume. Kundi likikubaliana kuwaacha wale wachanga, baada ya miaka kadhaa mnakuwa na madume wazima wenye pembe nzuri. Kwenye ardhi ya umma makubaliano ya namna hiyo hayapo. Dume utakayemhurumia asubuhi huenda mwingine akampiga kabla ya jioni. Na kwa kuwa huko Texas zaidi ya asilimia 90 ya ardhi ni ya watu binafsi, naelewa kwa nini kila unayeongea naye anakwambia usipokodi huwindi.

Lakini si kweli. Mashariki ya jimbo lako iko misitu minne ya taifa: Sam Houston, Davy Crockett, Angelina na Sabine. Baadhi ya maeneo yake yanahitaji kibali cha mwaka cha uwindaji wa umma, ambacho idara ya wanyamapori ya jimbo inakiuza pamoja na leseni. Kibali hichohicho kinakufungulia pia mashamba ya watu binafsi ambayo idara yenyewe imeyakodi kwa ajili ya wawindaji wa njiwa na wanyama wadogo. Kansas na Montana nao wana mipango yao ya kuwalipa wakulima ili wananchi waingie kuwinda. Kwa hiyo huchagui kati ya kulipa kodi na kukaa nyumbani.

Sababu yangu kubwa ni kwamba ardhi ya umma itakufundisha kuwinda. Shamba la wenzako, kwa jinsi ulivyolielezea, lina madungu yaliyosimamishwa tayari na mashine za kumwaga mahindi kwa saa zilezile kila siku. Texas inaruhusu hilo kwenye ardhi binafsi. Utajifunza kukaa kimya na kulenga vizuri, nayo ni mambo ya maana. Ila hutajua kulungu analala wapi, wala kwa nini jana alipita bondeni na leo kapita mlimani, kwa sababu hutakuwa na haja ya kuuliza.

Kwenye ardhi ya umma huko kwenu kumwaga mahindi ni marufuku, kwa hiyo inakubidi ujiulize wiki hii anakula nini. Vuli ikianza, tafuta mialoni. Iko ya aina mbili kuu, na mbegu za ule mweupe hazina uchungu kama za ule mwekundu, ndiyo maana kulungu huzikimbilia kwanza. Piga magoti chini ya mti utazame kwa makini. Maganda yaliyopasuliwa na kutemwa yana rangi gani ndani? Yakiwa bado mabichi, hayana muda mrefu. Kinyesi kinang'aa au kimekauka? Kisha inuka utazame miti midogo ya kando. Dume husugua pembe mpaka magome yachubuke, na mara nyingi upande uliochubuka ndio alikotokea. Ukiona miti kadhaa imechubuliwa upande mmoja, mfululizo, umeipata njia yake. Sasa toa unga kidogo kwenye kichupa, uuachie hewani, uone upepo unaupeleka wapi. Ukienda kwenye njia ile, usikubali kukaa mahali ambapo upepo utampelekea harufu yako. Mtu akishayajua haya, mpeleke shamba lolote atawinda.

Utaambiwa kwamba ardhi ya umma imejaa watu. Wamejaa kweli, hasa Jumamosi ya kwanza na karibu na maegesho. Nenda katikati ya wiki, na uangalie wenzako wanaelekea wapi, kwa sababu kulungu naye anawaangalia. Wakishaanza kutembea msituni, yeye hujichimbia kwenye vichaka ambavyo hakuna anayetaka kuvipenya, na wakati mwingine vichaka hivyo viko karibu na barabara kuliko unavyodhani. Fulana na kofia ya rangi ya chungwa kali usiviache nyumbani. Msimu wa bunduki ni lazima. Na kabla hujavuta kifyatulio, pima mzigo. Kulungu akianguka maili mbili kutoka kwenye gari, wewe ndiye utakayemtoa, na joto la huko halisubiri. Nyama ikiharibika umemuua bure, nami jambo hilo siwezi kulivumilia kwa mtu ninayemfundisha.

Mipaka nayo iheshimu. Weka ramani kwenye simu, na uwe na nyingine ya karatasi. Huku kwetu karibu nusu ya jimbo ni ardhi ya serikali kuu, lakini mahali pengine imepangwa kwa miraba, mmoja wa umma, mmoja wa mtu, tangu serikali ilipogawia kampuni za reli ardhi karne ya 19. Mwaka 2021 wawindaji wanne kutoka Missouri walivuka pale pembe za miraba hiyo zinapokutana, karibu na mlima Elk Mountain huku Wyoming, kutoka ardhi ya umma hadi ardhi ya umma, bila kukanyaga udongo wa mwenye shamba. Walishtakiwa, na baraza la wazee wa mahakama likawaachia mwaka uliofuata. Kesi ya madai iliendelea, na Machi 2025 mahakama ya rufaa ya serikali kuu ya mkoa wa kumi, ambao Wyoming imo, iliwapa haki, ikitumia sheria ya 1885 inayokataza kuzuia watu wasiifikie ardhi ya umma. Texas haimo katika mkoa huo, kwa hiyo usivuke pembe yoyote huko kwa kutegemea hukumu hii. Nakusimulia ili ujue watu wamepigania nini. Tena mchango wako umeshautoa: sheria ya Pittman-Robertson ya 1937 huelekeza fedha za ushuru wa bunduki na risasi, ambao kwa bunduki ndefu na risasi ni asilimia 11, kwenye idara za wanyamapori za majimbo. Kila boksi la risasi ulilonunua limechangia kutunza wanyama hao.

Wenzako wakikushinda kwa maneno ukaamua kuingia, basi kabla hujatoa hata dola moja omba kuuona mkataba. Usiridhike na maelezo ya kiongozi wa kundi. Je, umeandikwa na mwenye shamba mwenyewe ametia sahihi? Jina lako litakuwemo? Mnalipa kwa ekari au kwa bunduki, yaani kwa kila mwindaji, na bunduki ni ngapi? Ekari elfu moja ni nyingi masikioni. Wakiwa watu kumi na wawili, kila mmoja na kona yake anayoiona ni yake milele, mgeni hupewa pale ambapo hakuna aliyepataka. Uliza kama unaruhusiwa kuja mwaka mzima au wakati wa msimu tu, kama ng'ombe wanalishwa humo, na shamba likiuzwa katikati ya mwaka kodi yako inarudi au imekwenda. Nani analipia mahindi? Bima ya kundi inakuhusu na wewe? Wakikasirishwa na maswali haya, hapo hapakufai.

Msimu wa bunduki wa kulungu huko kwenu huanza Novemba, na mwezi huo nina likizo. Kata kibali, chagua msitu mmoja kati ya ile minne, unitumie ramani yenye alama za sehemu ulizokwenda kuzitembelea kabla ya msimu. Mimi nitakata leseni ya mgeni, nije tuingie wote. Nijibu mapema, maana likizo yangu lazima niiombe kazini kwa maandishi.

Msalimie shemeji sana.

Rafiki yako wa siku zote