Shukrani kwa mpiga picha aliyenielekeza mlimani

Kwako mpiga picha ambaye sikupata kulijua jina lako: pokea shukrani zangu za dhati kwa muda ulionipa kule juu kwenye theluji, ilhali ungeweza kuendelea na safari yako. Ulinieleza kwamba halijoto hupungua kwa takriban nyuzi 6.5 kwa kila mita 1,000 za kupanda, na kwamba baridi hiyo hudhoofisha betri, hivyo ile ya akiba ikae mfuko wa ndani, karibu na mwili. Lililonifaa zaidi ni somo la theluji yenyewe: kamera hupima mwanga kana kwamba mandhari yote ni ya kijivu cha wastani, ndiyo maana weupe hutoka umefifia, nawe ukanionyesha namna ya kuongeza mwanga kwenye mipangilio ya kamera kwa hatua moja hadi mbili (kila hatua huongeza mwanga maradufu) huku nikiangalia sehemu nyeupe zisipoteze maumbo yake. Ulisubiri nijaribu mwenyewe, subira ambayo si wajuzi wote walio nayo. Tulipoagana, ulinisisitizia kuifunga kamera katika mfuko wa plastiki kabla ya kuingia mahali penye joto, ili unyevu usitande kwenye lenzi. Nakushukuru sana, na popote ulipo mlimani, nakutakia safari salama.