Chembe sahani si za kuwekwa kwenye friji

Mhariri,

Damu ya kuongezewa ikitajwa, wengi huwaza friji. Kwa chembe nyekundu ni sawa, nyuzi joto 2 hadi 6. Kwa chembe sahani, yaani chembe ndogo zinazosaidia damu kuganda, ni kosa, na bado linatokea wodini: mfuko umefika, mgonjwa hajawekewa kanula (mrija mdogo wa mshipani), basi unawekwa kwenye friji "usiharibike". Humo ndimo unamoharibikia.

Chembe sahani iliyotulia ni bapa, upana wake maikromita 2 hadi 3. Ubapa huo unashikiliwa na pete ya mikrotubuli (vimirija vya protini) ukingoni pamoja na wavu wa nyuzi za protini iitwayo aktini. Mshipa ukikatika, thrombini, kimeng'enya cha kugandisha damu, hugusa kipokezi kwenye utando wa chembe, kimeng'enya fosfolipesi C huamka, na kalsiamu hufunguliwa kutoka ghala lake la ndani. Hapo protini iitwayo jelsolini hukatakata nyuzi kuukuu za aktini, mpya hujengwa na kuusukuma utando nje kama miiba. Kimeng'enya kiitwacho kinasi ya maiosini nacho hubandika fosfeti kwenye maiosini, protini inayovuta nyuzi hizo. Maiosini huvuta, chembe huviringana na kumwaga vifuko vyake. Yote hayo huanza ndani ya sekunde chache.

Baridi huleta mageuzi yanayofanana na hayo pasipo jeraha lolote. Kwenye nyuzi joto 4 pete huvunjika, kalsiamu huvuja, na jelsolini huanza kukata. Ukiupasha mfuko joto tena, umbo huweza kurudi kiasi, lakini vipokezi vya juu vimeshajikusanya mafungu mafungu. Seli za ulinzi kwenye ini huvitambua na kuzimeza chembe hizo. Zilizopaswa kuzunguka mwilini siku kadhaa hutoweka baada ya siku moja au mbili.

Ni kweli kwamba Marekani mwaka 2023 iliruhusu chembe sahani za baridi, hadi siku 14, kwa mgonjwa anayevuja damu wakati huohuo na pale za kawaida zisipopatikana. Chembe iliyokwisha kuamka hugandisha haraka. Mtoto mwenye saratani ya damu, anayehitaji kinga ya siku kadhaa, hafaidiki nazo vivyo hivyo.

Mahali pake ni nyuzi joto 20 hadi 24, kwenye kitikisio kinachoenda taratibu, kwa kawaida siku 5. Mfuko ukilala kimya kwa muda mrefu, oksijeni haizifikii chembe vya kutosha; huvunja glukosi bila oksijeni, asidi ya laktiki hujaa, na pH (kipimo cha asidi; ikishuka, asidi imezidi) ikishuka chini ya 6.2 hazifai tena.

Kabla ya kumpa mgonjwa, shika mfuko mbele ya taa na uuzungushe polepole. Ukiona mawimbi yanayometameta, chembe bado ni bapa. Usipoyaona, piga simu maabara kwanza. Kanula iwekwe kabla ya mfuko kuagizwa. Tumia seti mpya yenye kichujio cha maikromita 170 hadi 200, si ile iliyokwisha kupitisha chembe nyekundu, na mfuko umalizike kwa takriban dakika 30.

Wataalamu wa maabara ya damu