Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama: Masharti ya Ruzuku na Usimamizi Wake

Ndugu wanachama,

Kwa niaba ya Kamati Tendaji, ninawasilisha kwenu taarifa ya mwaka ya umoja wetu wa mashirika yanayoendesha shughuli zake kwa ruzuku za serikali ya shirikisho ya Marekani. Masuala ya uanachama na ada yamo katika taarifa za Katibu na Mweka Hazina, hivyo sitayarudia. Nafasi hii nitaitumia kwa jambo lililotawala vikao vyetu, yaani kanuni za pamoja za ruzuku, ambazo Ofisi ya Usimamizi na Bajeti ilizirekebisha Aprili 2024 na zikaanza kutumika tarehe 1 Oktoba mwaka huo huo.

Badiliko lililopokewa kwa furaha kuliko yote ni la ukaguzi. Chini ya Sheria ya Ukaguzi Mmoja ya 1984, shirika linalotumia fedha za shirikisho kufikia kiwango kilichowekwa hukaguliwa mara moja kwa ruzuku zake zote, badala ya kila idara kutuma mkaguzi wake. Kiwango hicho kilikuwa dola 750,000, na sasa ni dola 1,000,000 kwa miaka ya fedha inayoanza tarehe 1 Oktoba 2024 au baadaye. Baadhi yenu mmeliita jambo hili msamaha. Mimi siafiki, kwa sababu kanuni hizo hizo zinalitaka shirika lililo chini ya kiwango liwe na kumbukumbu zinazoweza kukaguliwa wakati wowote na idara iliyotoa fedha, na shirika lililozipitisha kwake, au na Ofisi ya Uwajibikaji wa Serikali. Aliyeondoka ni mkaguzi wa kila mwaka tu. Masharti yako pale pale, na kosa dogo la hesabu sasa linaweza kukaa kitambo bila kuonekana, likaibuka wakati mhasibu aliyejua chanzo chake ameshaacha kazi.

Mzigo umewaelemea zaidi wanachama wanaopitisha sehemu ya ruzuku kwa mashirika mengine. Wao wanawajibika kupima hatari ya kila shirika wanalolipatia fedha, kufuatilia taarifa zake za fedha na za utekelezaji, na kuhakikisha kwamba hoja za ukaguzi zinajibiwa. Waliozoea kutegemea ripoti ya mkaguzi wa nje sasa watalazimika kuomba hati za malipo na kuzisoma wenyewe. Nikumbushe pia kwamba anayepokea sehemu ya ruzuku ili kutekeleza mradi si sawa na mkandarasi anayeuza huduma, na kinachoamua ni hali halisi ya uhusiano wao, hata kama mkataba umeandikwa jina jingine.

Katika mazungumzo yetu, eneo lililoleta maswali mengi lilikuwa mishahara, na hilo halinishangazi. Mfanyakazi anayegawanya muda wake kati ya ruzuku mbili lazima awe na kumbukumbu zinazoonyesha kazi aliyoifanya kweli. Makadirio ya bajeti yanaruhusiwa kwa muda tu, mradi baadaye yarekebishwe yalingane na hali halisi. Peke yake hayatoshi kuwa ushahidi. Karatasi za saa za kazi zinazojazwa zote kwa mkupuo mwishoni mwa robo mwaka, kwa asilimia zile zile za bajeti, humpa mkaguzi sababu ya kutilia shaka hata mshahara uliolipwa kwa haki.

Mengine ni mepesi. Asilimia ya gharama za uendeshaji inayoweza kudaiwa na shirika lisilo na asilimia yake ambayo limekubaliana na serikali imepanda kutoka 10 hadi 15, na thamani ya kifaa kinachohesabiwa kuwa mali ya kudumu imetoka dola 5,000 hadi 10,000. Kumbukumbu bado hutunzwa miaka 3 tangu kuwasilishwa kwa taarifa ya mwisho ya fedha, au zaidi iwapo kuna kesi, dai au ukaguzi ulioanza kabla ya muda huo kwisha.

Kamati inapendekeza kwamba wanachama walio chini ya kiwango kipya wapitiane hesabu wao kwa wao, mhasibu wa shirika moja akisoma vitabu vya jingine. Kwa kuwa shirika lisilolazimika kukaguliwa haliruhusiwi kutoza ukaguzi wake kwenye ruzuku, tunaomba gharama za zoezi hili zitoke katika ada zetu. Pendekezo hilo litapigiwa kura chini ya ajenda ya bajeti, baada ya taarifa ya Mweka Hazina.