Barua kwa mwanangu aliye katika jeshi la Marekani

Bukoba

Mwanangu mpendwa,

Natumai barua hii itakukuta u mzima wa afya. Sisi huku hatujambo, na mama yako anakusalimu sana. Nimeamua kukuandikia badala ya kukupigia simu kwa sababu ninalotaka kukueleza ningependa ulisome zaidi ya mara moja.

Juma lililopita mdogo wako alinijia na simu mkononi. Unajua anavyopenda mikeka ya mpira, lakini safari hii hakunionyesha Simba wala Yanga. Alinionyesha soko la ubashiri la huko Marekani, ambako watu huweka fedha zao juu ya maswali kama vile nchi gani itashambuliwa na lini, au kama rais fulani ataondoka madarakani kabla ya mwezi kwisha. Kisha akasema, bila nia yoyote mbaya: "Baba, kaka si yuko jeshini hukohuko? Tumuulize." Nilimkatiza kwa ukali ambao hakuutarajia, na ndio uliozaa barua hii.

Alinifafanulia utaratibu wake. Tiketi moja hulipa dola 1 jambo likitokea, na lisipotokea haina thamani. Kwa hiyo ikiuzwa senti 7, maana yake wanunuzi wanaona jambo hilo lina nafasi 7 katika 100. Mwenye kujua ukweli kabla ya wenzake huokota fedha tu. Januari 2026, kabla majeshi ya Marekani hayajamkamata Rais Nicolás Maduro wa Venezuela kule Caracas, akaunti moja kwenye soko la Polymarket ilikuwa imeweka zaidi ya dola 30,000 kwamba ataondoka madarakani, nayo ikavuna faida ya zaidi ya dola 400,000. Mwezi uliofuata, waendesha mashtaka wa Israel walimshtaki askari wa akiba pamoja na raia mmoja kwa kutumia siri za kijeshi kubashiri kwenye soko hilohilo. Mbunge Ritchie Torres wa New York aliwasilisha muswada wa kuwazuia viongozi na watumishi wa serikali kuu kubashiri mambo wanayoyajua kwa sababu ya kazi zao, na sasa mjadala umewafikia ninyi wanajeshi, kwamba mzuiwe waziwazi kwa sheria. Mimi naliunga mkono pendekezo hilo kwa moyo wangu wote.

Wapo watakaokwambia kwamba sheria ya kutosha ipo, kwa kuwa tangu 2010 Marekani imewakataza watumishi wa serikali kutumia taarifa za ndani kujinufaisha katika masoko ya namna hiyo. Ni kweli, lakini sheria hiyo inadai uthibitishe kwamba mtu alijua na kwamba alikitumia alichokijua. Jeshini ujuzi hauko kwa majenerali peke yao. Mpishi wa kambi anayeambiwa kesho apunguze chakula nusu amekwisha kujua kwamba watu wanaondoka. Fundi wa magari anayeagizwa kumaliza matengenezo usiku huu amekwisha kujua. Hata askari aliyenyimwa likizo bila maelezo anaweza kukisia tarehe. Nani ataingia kichwani mwao kupima walichokijua? Katazo la moja kwa moja ndilo linaloondoa ubishi huo.

Wewe unajua kwamba nilikuwa kijana wa redio katika vita vya Kagera, ila hili sijawahi kukusimulia. Januari 1979, siku chache kabla ya vikosi vyetu kuingia Mutukula, mpakani upande wa Uganda, mwenye duka mmoja aliyekuwa akinikopesha sabuni na sigara aliniuliza kwa upole kama ahamishe mali yake au aiache. Hakuwa jasusi. Alikuwa na watoto sita na hofu ya kufilisika. Nilimjibu kwamba sijui, nikaona aibu kumdanganya mtu aliyenitendea wema, na aibu hiyo nimekaa nayo miaka mingi. Hata hivyo, kama ningemwambia, lori lake lingeondoka usiku ule, jirani angeliona, naye angeondoa lake, na kufikia asubuhi kila mwenye macho ng'ambo ya mpaka angejua kwamba jambo linakuja.

Ndivyo bei ya tiketi inavyofanya kazi, mwanangu, isipokuwa lori hilo sasa linaonekana dunia nzima kwa dakika moja. Askari anayenunua kwa senti 7 hadi bei ikapanda ametangaza safari ya wenzake bila kufungua kinywa. Mwaka 2003, Pentagon yenyewe, yaani Wizara ya Ulinzi ya Marekani, ilikuwa na mpango wa soko la kubashiri mambo ya Mashariki ya Kati, yakiwemo mauaji na mashambulizi ya kigaidi. Maseneta Ron Wyden na Byron Dorgan waliupinga hadharani mwezi Julai, ukafutwa mara moja. Wakati ule watu walishtuka kusikia habari yake tu. Leo masoko hayo yamo mfukoni mwa kila kijana, na hilo linanisikitisha kuliko ninavyoweza kueleza.

Kwa hiyo nakuomba usisubiri Bunge lao lipige kura. Usiweke hata dola 1 juu ya vita, shambulio au safari ya kikosi chochote, hata kama si chako, na hata kama una hakika kwamba hujui lolote, kwani mwenzako aliye karibu yako hana njia ya kujua kwamba hujui. Mkeo asiweke. Rafiki akikuuliza unaonaje, mwambie hujui, nawe usione aibu kama niliyoiona mimi.

Mdogo wako nimekwisha kumwambia, naye ameahidi hatakuuliza. Mimi pia sitakuuliza uko wapi wala unakwenda wapi. Simu yako ikikaa kimya mwezi mzima, nitamwambia mama yako kwamba uko kazini, nasi tutangoja.

Ni mimi baba yako.