Lita 216 za dukani si za samaki

Ndugu Mhariri,

Anayekwenda kununua samaki wa mapambo wa maji chumvi huulizwa dukani swali moja tu: tangi lako la lita ngapi? Kwa tangi lenye kimo swali hilo linaweza kutosha. Kwa tangi la kina kifupi, lile pana la sentimita 30 kwenda juu ambalo watu hulipenda kwa kuwa unaweza kuliinamia na kulitazama kama kidimbwi cha mwambani, swali hilo linapotosha. Tunaomba nafasi tueleze kwa nini.

Chukua tangi la urefu wa sentimita 120, upana 60, kimo 30. Kwa hesabu ya dukani hizo ni lita 216. Tandika mchanga wa sentimita 5, acha sentimita 4 juu, unabaki na maji ya sentimita 21. Hizo ni lita 150 na kidogo, na mawe yakishaingia shukuru ukibaki na 135. Aliyeuziwa samaki wa lita 216 ameshapunjwa kabla hajafika nyumbani. Na hata hizo 135 hazisemi lile lililo kubwa, kwamba samaki wengine wanahitaji maji ya kupanda na kushuka, na wengine hawana haja nayo kabisa.

Kosa linalorudiwa kuliko yote ni kangaja wa buluu mwenye pezi la njano mgongoni (Acanthurus leucosternon). Yumo katika bahari yetu, rangi yake inamtoa mtu pesa mfukoni, na akiwa wa sentimita 7 anaonekana ametulia. Lakini ni samaki bapa, hukua kupita sentimita 20, na baharini hushinda akizunguka mwamba kutwa nzima akila mwani. Ndani ya tangi hilo anapiga mkia mara mbili tatu, keshafika kwenye kioo. Hali hiyo ikimchosha kinga hushuka, na mapezini hutokea vidoa vyeupe kama punje za chumvi. Hicho ni kimelea, Cryptocaryon irritans, na huwarukia samaki wote. Kikishaingia, samaki wote hutolewa wakatibiwe kwenye chombo kingine, na tangi hukaa bila samaki siku 76. Kwa hiyo kila samaki mpya akae karantini wiki 4 hadi 6, hata kama muuzaji anaapa kwamba ni mzima.

Vitatange nao waacheni. Chaetodon trifascialis hula matumbawe hai, na asipoyapata hufa njaa mbele ya chakula. Pomacanthus imperator hufika sentimita 40, na kimo cha tangi lenyewe ni 30. Farasi bahari ni mdogo, lakini dume na jike hupanda pamoja kwenye maji wanapopeana mayai, na sentimita 21 haziwatoshi.

Wanaofaa ni wadogo wakaao chini: wa kwenye mashimo ya mawe, juu ya mchanga, na katika vidimbwi vinavyobaki maji yakipwa. Wa kwanza kwetu ni gobi anayeishi na kamba mfyatuzi, mfano Amblyeleotris wheeleri mwenye mikanda myekundu, ambaye hazidi sentimita 10. Kamba huchimba shimo, gobi hukaa mlangoni akilinda. Kamba haoni vizuri, hivyo akitoka na mzigo wake wa mchanga huacha kipapasio chake kimoja kimegusa mwili wa gobi. Gobi akitikisa mkia, wote wawili wameshazama shimoni. Ukilitazama tangi kwa juu unaliona jambo hili lote, jambo ambalo kwenye tangi lenye kimo hufichwa na mawe. Ila mawe yawekwe juu ya kioo cha chini kwanza, ndipo mchanga umwagwe kuyazunguka. Yakikalia mchanga, kamba atachimba chini yake na siku moja jiwe litamwangukia yeye au rafiki yake.

Mwingine ni bleni mdogo kama Ecsenius nalolo, ambaye hukaa juu ya jiwe akikodoa macho na kukwangua mwani. Tangi likiwa jipya na safi mno mwani huo haupo, basi mpe mwani mkavu. Gobiodon citrinus, kigobi cha njano, hulala juu ya matumbawe na hana ugomvi na wa jamii nyingine. Samaki wa anemoni, wanaoishi kati ya minyiri ya mnyama laini wa baharini aitwaye anemoni, wanafaa pia, lakini Amphiprion akallopisos wa kwetu afadhali kuliko A. allardi, anayekuwa mkubwa na mkali zaidi. Nunua wawili wanaopishana ukubwa: wote huzaliwa madume, na mkubwa ndiye hugeuka jike. Wakilingana wanaweza kupigana mpaka mmoja achanike mapezi. Anemoni si lazima; katika tangi dogo hutambaa hadi kwenye pampu na kusagwa, na maji yote huchafuka.

Jumla wasizidi samaki sita au saba. Waingie wapole kwanza, gobi na bleni, na wa anemoni mwisho, kwa kupishana wiki mbili au zaidi, baada ya tangi kukaa wiki 4 hadi 6 na amonia na naitraiti, sumu zitokanazo na uchafu majini, kusoma sifuri kwenye kipimo. Wadamseli wenye madoa matatu (Dascyllus trimaculatus) huuzwa bei ya chini, na sababu ipo: wakikua hutawala tangi zima.

Kuruka nje nako kunaua wengi. Gobi na bleni wakishtuka usiku huruka, na asubuhi mtu humkuta samaki amekauka nyuma ya kabati. Funika kwa wavu wa nailoni wenye matundu ya milimita 6, na uzibe hata pale bomba linapopita. Kioo hakifai kufunika, kinazuia hewa na kuongeza joto.

Joto ndilo shida ya pwani. Tunapendelea nyuzi 25 hadi 27. Taa ikiwaka mchana wa Januari, maji haya machache hupita 30 upesi na oksijeni hupungua. Feni ndogo ikipuliza juu ya maji hushusha nyuzi 2 au 3, lakini inakausha. Maji yakishuka milimita 4 kwa siku, umepoteza karibu lita 3, na chumvi yote imebaki ndani. Siku nne bila kuongeza, chumvi iliyokuwa sehemu 35 kwa elfu inapita 38. Jaza kila siku, na kwa maji yasiyo na chumvi, yaliyochujwa. Kuongeza maji ya bahari kunazidisha chumvi, na visima vingi vya Dar vina chumvi yake vyenyewe. Umeme ukikatika, pampu ya hewa ya betri iwe karibu.

Mawe nunueni makavu. Visiwa vya Mbudya na Bongoyo ni hifadhi, hakuna kuvua wala kubeba jiwe.

Dukani, usilipe kabla muuzaji hajamlisha samaki mbele yako. Tazama tumbo lisiwe limebonyea, na upumuaji usiwe wa haraka. Akiacha chakula kipite, mwache huko huko, hata ukipunguziwa bei.

Wafugaji wa samaki wa mapambo,
Dar es Salaam