Msamaha wa VAT unavyokiumiza kiwanda cha nyumbani

Mhariri,

Kila bajeti ya Juni inapokaribia, maombi ni yaleyale: bidhaa fulani isamehewe VAT (kodi ya ongezeko la thamani) ili bei ishuke na viwanda vya ndani vipumue. Nia ni njema, lakini mara nyingi ombi hilo humwumiza yuleyule linayetaka kumsaidia. Naomba nafasi nilieleze kwa hesabu, nikitumia bidhaa ambayo Tanzania imekwisha kuijaribu: taulo za kike.

Taulo za kike zilisamehewe VAT kuanzia Julai 2018. Mwaka mmoja baadaye, katika hotuba ya bajeti ya Juni 2019, aliyekuwa Waziri wa Fedha, Dk. Philip Mpango, alipendekeza msamaha huo ufutwe kwa kuwa bei haikushuka. Lawama ziliwaangukia wafanyabiashara, na wapo waliostahili. Ila kasoro nyingine ilikuwa ndani ya msamaha wenyewe, na hiyo haikujadiliwa vya kutosha.

Bidhaa iliyosamehewa VAT si sawa na bidhaa inayotozwa VAT kwa kiwango cha asilimia sifuri. Mnunuzi haoni tofauti, maana risiti zote mbili hazina kodi. Mhasibu wa kiwanda anaiona kila mwezi anapojaza ritani, yaani taarifa ya kodi. Bidhaa ikiwa ya asilimia sifuri, kiwanda kinaruhusiwa kudai kodi ya manunuzi, yaani VAT kilicholipa kwenye malighafi, vifungashio, umeme na vipuri. Bidhaa ikisamehewa, hakidai hata senti. Kodi ile inageuka gharama na kuingia kwenye bei.

Chukua pakiti moja, kwa namba za mfano. Malighafi, plastiki, gundi, boksi na umeme ni sh 600, na VAT yake ya asilimia 18 ni sh 108. Mishahara, uchakavu wa mashine na faida ni sh 400. Katika hali ya kawaida kiwanda kinauza kwa sh 1,000 na kuongeza VAT ya sh 180, jumla sh 1,180. Kati ya hizo 180 kinatoa 108 kilizokwisha kulipa na kupeleka TRA sh 72. Bidhaa ikisamehewa, zile 108 hazirudi, hivyo bei ya kutokea kiwandani haiwezi kuwa sh 1,000. Inakuwa sh 1,108. Nafuu yote ni sh 72, kabla msambazaji na mwenye duka hawajagusa chochote. Hapo ndipo tulipotegemea mama wa kijijini aone bei imeshuka.

Sasa weka pembeni yake pakiti iliyotoka nje. Nchi zenye VAT kwa kawaida hutoza mauzo ya nje asilimia sifuri, kwa hiyo pakiti iliyotengenezwa Nairobi inavuka mpaka ikiwa imesafishwa VAT yote ya kwao. Tuseme imetufikia kwa sh 1,000, ushuru wa forodha ukiwamo kama upo. Kabla ya msamaha ilitozwa sh 180 ikawa 1,180, sawasawa na ya kwetu. Baada ya msamaha inaingia kwa sh 1,000 na ya kwetu inabaki 1,108. Tumempa mshindani sh 108 kwa kila pakiti, kwa sheria tuliyoitunga wenyewe. Kiwanda kinachofunga pakiti 50,000 kwa mwezi kinabeba sh 5,400,000, mishahara ya watu 18 wa sh 300,000 kila mmoja.

Mwaka ule wa 2019 palipendekezwa pia kodi ya kampuni ishuke kutoka asilimia 30 hadi 25 kwa miaka miwili kwa wawekezaji wapya wa taulo za kike. Lakini kodi hiyo hutozwa kwenye faida. Kiwanda kipya, miaka miwili ya mwanzo, kinafunga mashine, kinafundisha watu na kulipa riba. Asilimia 25 ya faida ambayo haipo ni sifuri, kama ilivyo asilimia 30 yake.

Kwa nguo serikali ilifanya vizuri zaidi. Mwaka 2023 vitambaa na nguo zinazotengenezwa nchini kwa pamba ya Tanzania viliwekewa asilimia sifuri. Tatizo ni kwamba iliwekwa kwa mwaka mmoja, kisha ikaongezewa mwaka. Hakuna benki inayopima mkopo wa mashine za kufuma wa miaka saba kwa sheria ya miezi 12.

Na asilimia sifuri ina maana pale tu marejesho ya kodi ya manunuzi yanapolipwa. Kiwanda kinachosubiri marejesho ya sh milioni 100 kwa mwaka mzima, kikalazimika kukopa kiasi hicho kwa riba ya asilimia 16, kinapoteza milioni 16. Viwanda navyo vijirekebishe: madai mengi hukwama kwenye uhakiki kwa sababu ankara haina risiti ya EFD (mashine ya kielektroniki ya risiti), au VRN (namba ya usajili wa VAT) ya mnunuzi haikuandikwa, au nyaraka za forodha zimebeba jina lisilo la mwagizaji. Hayo hurekebishwa siku ya kununua, si siku ya kudai.

Upande wa matumizi ya serikali, mzabuni anayepeleka mashuka hospitalini anadaiwa VAT anapotoa ankara, na ritani ni tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Malipo ya mashuka yakichelewa miezi minane, kiwanda kinakuwa kimeikopesha serikali mara mbili: bidhaa, na kodi ya bidhaa hiyo.

Kamati ya Bunge ya Bajeti ingefanya mambo matatu kabla ya Julai. Kila ombi la msamaha kwa bidhaa inayotengenezwa nchini liambatane na hesabu ya kodi ya manunuzi itakayobaki kiwandani. Asilimia sifuri ya nguo za pamba yetu iandikwe kwa miaka isiyopungua mitano. Na fedha za marejesho zitengwe kabla makusanyo ya mwezi hayajatangazwa kuwa mapato, kwa sababu sehemu hiyo haijawahi kuwa mali ya Hazina.

Mhasibu wa kodi za viwanda,
Dar es Salaam