Risala ya Wanachama wa BMU kwa Mgeni wa Heshima, Siku ya Kufunguliwa Msimu wa Omena (Dagaa)

Mheshimiwa Mgeni wa Heshima, chifu wetu, maafisa wa uvuvi, wazee wa ufuo, akina mama wa samaki, mabibi na mabwana, hamjambo.

Sisi wanachama wa BMU (Beach Management Unit), yaani kikundi cha usimamizi wa ufuo huu, hapa Ghuba ya Winam ya Ziwa Victoria, tunakukaribisha kwa mikono miwili. Umeacha shughuli zako Kisumu mjini na kuistahimili barabara yetu. Heshima hiyo hatutaisahau.

Historia yetu ni fupi. Kanuni za mwaka 2007 zilitukabidhi wavuvi, wenye mashua na wachuuzi kazi ya kulisimamia ziwa bega kwa bega na serikali. Tukajiandikisha, tukachagua kamati, na tupo. Tangu hapo tumepiga hatua kubwa mno: tuna ofisi ya kisasa ya mabati, meza za kuanikia omena, choo cha milango miwili, na daftari la samaki wanaoshushwa, linaloandikwa kila asubuhi, mvua inyeshe isinyeshe.

Mheshimiwa, kilichotusimamisha mbele yako ni boti ya doria.

Kuanzia Aprili hadi mwisho wa Julai omena hawavuliwi, wapate kuzaana. Tumetii. Nyavu tulizikunja, na akina mama wakakopa karo ya watoto. Lakini usiku tulisikia mashine zikinguruma kwenye mafunjo, pale ngege (tilapia) wanapozaliana. Tukatoka wanne kwa mtumbwi wa makasia. Wavuvi hao haramu walizima taa, wakatungoja tukaribie, ndipo wakawasha mashine wakatokomea. Tulichorudi nacho ni kipande cha wavu kilichonasa kwenye magugumaji, macho yake inchi 2 na nusu ilhali sheria inataka 5, na ndani yake ngege wasiojaa kiganja. Afisa wa uvuvi yuko tayari kutoka nasi wakati wowote. Naye hana chombo.

Ombi hili si jipya. Chini ya mwembe huu huu, mgeni mwingine wa heshima alituahidi boti yenye mashine ya nguvu za farasi 40 kabla ya Krismasi. Tulimshangilia kwa moyo wote. Tukachanga, tukajenga banda la kuihifadhia mashine, tukatia mlango wa chuma. Krismasi tatu zimepita. Aliyekuja baada yake alisema faili iko njiani. Banda ni lile nyuma yako. Kufuli limeshika kutu na ndani hakuna kitu.

Fedha za mafuta tunazitenga kutoka ushuru wa ufuo, na vijana wawili wamekwisha kujifunza kuendesha. Kinachokosekana ni boti na mashine yake.

Kwa unyenyekevu, Mheshimiwa, kama bajeti hairuhusu, tuambie leo; tutalibomoa banda, mabati yake yaezeke jiko la akina mama. Kama inaruhusu, kitabu cha kumbukumbu kiko wazi hapo mezani na kalamu iko juu yake. Tunaomba utuandikie tarehe kwa mkono wako kabla hatujakukaribisha chakula.

Imesomwa na Katibu, kwa niaba ya wanachama wote.